Mtoto Asiyeshtuka

Koenji, Tokyo
22 Septemba 1985

Mama,

Nina haraka, kwa hiyo naenda moja kwa moja. Naomba unitumie sarashi, kile kitambaa cheupe cha pamba kinachouzwa duka la njia panda, mita tano. Cha huku Tokyo ni chepesi, kikilowa jasho kinashikana na mwili kama karatasi. Jukwaani siku hizi najifunga hicho tu kuanzia kifuani, na koti la ngozi juu yake. Wasichana wa mstari wa mbele nao wameanza kuniiga. Ukiwaangalia kutoka jukwaani utadhani ni wodi ya majeruhi.

Bendi inakwenda vizuri. Baada ya miaka saba ya kupiga muziki wa panki kwenye vyumba vya chini ya ardhi na kufukuzwa kumbi mbili, sasa kuna kampuni ya santuri inataka kuirekodi bendi yetu, Shibire. Ozeki, mwimbaji wetu, amemtangazia kila mtu, mpaka muuza tambi wa kituoni. Oktoba tunazunguka, Januari tunaingia studio. Kwa hiyo huu si wakati wa yeyote kati yetu kuumwa, kuchoka wala kuwa na jambo lingine lolote.

Swali moja dogo, usilifikirie sana. Siku hizi najifunga mpaka chini ya kitovu, kwa sababu gitaa linanigonga hapo. Mtu akikaza sana huko chini, kuna madhara? Nauliza tu.

Tamotsu anakusalimu. Bado anapiga dramu kama mtu anayefukuza nyuki. Na tafadhali usiniandikie habari za kuolewa.

Chigusa


Itayanagi, Tsugaru
29 Septemba 1985

Chigusa,

Asubuhi ukungu, mchana jua la kutosha, na upepo wa mlima Iwaki umeanza kuuma masikio. Nimeanza kuyavua matufaha mifuko yake ya karatasi ili yapate rangi. Umeona? Barua inaanza hivyo. Hata wewe, pamoja na nywele zako zile za jogoo, hujawahi kuniandikia bila kunipa kwanza hali ya hewa. Safari hii umeingia ndani na viatu.

Niliposoma habari ya sarashi nilikaa chini. Nikasema basi, mwanangu ameingia kwa majambazi. Usicheke. Wanaume wa bandarini Aomori walijifunga kitambaa hicho tumboni ili wakichomwa kisu utumbo usimwagike. Binamu ya baba yako, Sakuzo, alikuwa amekivaa siku aliyochomwa. Kilimfikisha hospitali, hakikumtoa. Sikujua kwamba siku hizi kinavaliwa kupigia gitaa. Nikamwaga chai.

Halafu nikarudi kazini na barua mfukoni. Nikaisoma tena nikiwa juu ya ngazi, katikati ya matawi, nikafika kwenye lile swali ulilosema nisilifikirie. Nikashuka. Sikufanya kazi tena siku hiyo. Mke wa jirani yetu Narita akaniuliza kama naumwa, nikamwambia kiuno.

Jibu ni hili. Chini ya kitovu usikaze. Huko kitambaa kinabeba, hakibani. Zungusha kutoka chini kwenda juu, na ukihisi pumzi inakatika fungua mara moja, hata kama watu wanakusubiri ukumbini. Hasa kama wanakusubiri.

Kitambaa kitachelewa kidogo. Kuna siku naingojea.

Kula samaki. Na huyo Tamotsu avutie sigara zake nje.

Mama yako,
Yae


Koenji, Tokyo
21 Oktoba 1985

Mama,

Mvua imenyesha siku nzima na majani yameziba mtaro wa mbele. Haya, hali ya hewa hiyo. Sasa niache nilie.

Kifurushi kilifika jana tukiwa tunapakia vyombo kwenye gari kwenda Shinjuku. Nilikifungulia kwenye choo cha ukumbi, nikakikunjua kitambaa, nikakuta muhuri mwekundu wa hekalu, ule unaogongwa siku ya Mbwa kwenye vitambaa vya wajawazito. Hukuandika hata neno moja. Nilikuona akilini ukiwa kwenye foleni ya akina mama, kila mmoja na kitambaa chake, mnawaombea mabinti zenu wazae bila taabu kama mbwa anavyozaa. Nikaegemea ukuta, Ozeki anagonga mlango, "Chigusa, umekufa humo?"

Ndiyo, Mama. Ni mwezi wa tano. Hakuna aliyejua. Nilikuwa najibana ili tumbo lisionekane, kila jioni nikivuta kitambaa huku nimeuma meno, na baadaye nikilala namwomba mtoto msamaha. Kampuni imetutaka sisi wanne kama tulivyo. Kuna msichana wa bendi nyingine alipopata mimba walimwambia apumzike, na mpaka leo bado anapumzika. Tamotsu, baba yake, naye namjua. Angeacha dramu kesho yake, aende kubeba masanduku kiwandani, na baada ya mwaka mmoja angekuwa ananitazama kama deni.

Kuna jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka juzi nilikuwa na mwingine. Miezi mitatu tu. Tulipiga Nagoya kwenye ukumbi mdogo, spika ziko karibu kiasi kwamba nilisikia besi ndani ya meno, na tukiwa njiani kurudi nikaanza kutoka damu. Nilimpotezea kwenye choo cha kituo cha mafuta. Nikanawa, nikarudi garini, nikasema nimekula chaza wabaya. Wakanicheka mpaka Tokyo.

Kwa hiyo naogopa, Mama. Naogopa kila nikiwasha amplifaya. Naweka vidole kwenye nyuzi nikijiambia huyu naye nitamuua, halafu napiga, kwa sababu nisipopiga wataniuliza kwa nini.

Jana nilijifunga kitambaa chako. Kile cha zamani kilikuwa hakijakauka, lakini kweli yenyewe ni kwamba nilitaka kuwa nacho. Nikauficha muhuri mgongoni ili wale wasichana wa mbele wasiuone. Joto lilipozidi nikavua koti, kama kawaida. Sikufikiria hata kidogo nani anakaa nyuma yangu.

Wimbo wa tatu, dramu zikakatika. Tamotsu hajawahi kuacha kupiga katikati ya wimbo. Siku polisi walipoingia Koenji aliendelea mpaka wakamshika mikono. Nikageuka. Fimbo ziko hewani, mdomo wazi, anautazama mgongo wangu. Dada zake watatu wote wamezaa, muhuri ule anaujua. Akasimama, akapita mlango wa nyuma, akatoka.

Nilimkuta kwenye makreti ya chupa tupu, mvua inampiga.

"Mbona nimeambiwa na mgongo wako?" akasema.

"Ungeacha dramu."

"Ningeacha! Kwani dramu ni mama yangu?"

"Baadaye ungenichukia."

"We mjinga. Nakuchukia sasa hivi, hapa hapa, na nimelowa."

Kisha akakaa juu ya kreti akalia, Mama. Mimi nikabaki nimesimama na gitaa, sijui niliweke wapi.

Tulirudi tukamaliza. Alipiga taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, na watu wakatuzomea. Ozeki ameshaambiwa. Alitukana kwa muda mrefu, halafu akaniletea kiti.

Niambie kitu kimoja tu. Kelele zinaua mtoto? Niambie haziui.

Chigusa


Itayanagi, Tsugaru
26 Oktoba 1985

Mwanangu,

Baridi imeingia. Matufaha bado yako mtini.

Ungetaka niseme kelele haziui. Sijui. Nimekuzaa wewe na kaka yako, nimesaidia ng'ombe, mbuzi na mke wa Narita, na jambo hili sijui. Nikikuambia haziui kisha likatokea la kutokea, hutakuja kuniamini tena hata nikikuambia theluji ni nyeupe. Naogopa kama unavyoogopa wewe. Juzi nilikwenda kwenye jiwe la kaburi la baba yako nikamsema vibaya, wakati yeye hana kosa lolote katika hili.

Yule wa Nagoya nimemwekea bakuli la wali pale kwenye picha ya baba yako. Ungeniambia, ningekuja. Ningekuja na viatu vya shamba.

Utazalia hapa nyumbani, kama watu wote. Mwezi wa pili uwe umefika. Mpaka wakati huo, kama lazima upige, spika zitazame upande mwingine.

Na mwambie huyo mwanamume akaandikishe ndoa. Siandiki habari za kuolewa, naandika habari za makaratasi.

Mama


Koenji, Tokyo
17 Januari 1986

Mama,

Huku hakuna theluji, ni upepo mkavu tu unaopasua midomo. Makaratasi tayari, tulikwenda ofisi ya wilaya mwishoni mwa Novemba. Karani alimwomba Tamotsu avue miwani ya jua, akakuta jicho moja lina rangi ya bluu ya kupaka. Akagonga muhuri haraka kabla hatujabadili mawazo.

Tumo studio tangu wiki iliyopita. Amplifaya yangu wameigeuzia ukutani na kuifunika magodoro. Siwezi tena kusimama na gitaa, tumbo limelisukuma mbali mpaka mkono haufiki. Nakaa kwenye kigoda, gitaa nimelilaza mapajani kama mwanamke anayechambua maharage. Ozeki anasema ndiyo sauti chafu zaidi niliyowahi kuitoa, na kwake hiyo ni sifa.

Lakini nataka ujue jinsi siku zinavyokwenda. Nikianza kupiga, mtoto anatulia. Anatulia kabisa, kama hayumo. Kila mara nafika katikati ya wimbo nawaza, ameondoka. Vidole vinaendelea vyenyewe na mimi nimeshaganda. Jana nilishindwa, nikainua mkono, nikawaomba wasimamishe. Nikanywa juisi baridi, nikalala sakafuni kwa ubavu. Hakuna kitu. Fundi mitambo akatoka chumbani kwake akasimama mlangoni. Tamotsu amepiga magoti, mkono wake tumboni mwangu. Ozeki, mwenye pini tatu sikioni, amefumba macho na midomo inamcheza, sijui alikuwa anamwomba nani. Nikasikia saa ya ukutani.

Halafu teke. Tamotsu akapiga ukelele, Ozeki akamtukana kwa kutushtua. Tukarudia wimbo kutoka mwanzo, na akatulia tena, na mimi nikaogopa tena upya kama vile halikuwahi kutokea.

Tarehe nane Februari napanda treni.

Chigusa


Koenji, Tokyo
26 Aprili 1986

Mama,

Maua ya mcheri huku yamekwisha, barabara imejaa majani mabichi. Sijui kama kwako yamefunguka.

Nimefika salama. Nilikaa dirishani, na kila stesheni nilitaka kushuka nigeuze. Maziwa yalinivuja mpaka Sendai, mzee aliyekaa kando yangu akanipa gazeti nijifunike na kujifanya amelala. Wiki tatu tu, nakwambia tena kana kwamba ni wewe unayelia. Santuri imetoka, lazima tupige kumbi walizopanga, na ile kubwa ya mwisho ni Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Kisha nakuja kumchukua mtoto.

Tangu nirudi nina kazi ya kukuuliza maswali. Kozue analala? Ile chupa ameikubali? Analia saa ngapi? Miezi yote miwili niliyokuwa nyumbani nilikuwa namtazama kama mtu anayetazama sufuria isichemke ikamwagika, na sasa sina cha kutazama. Juzi kwenye mazoezi, Tamotsu aligonga sahani ya shaba ya dramu bila kuniambia, nikaruka. Mimi, miaka saba kando ya sahani hiyo! Nikawaza, hivi Kozue nimewahi kumwona akiruka?

Niandikie hata mistari miwili.

Chigusa


Itayanagi, Tsugaru
2 Mei 1986

Chigusa,

Hali ya hewa ni nzuri sana mwaka huu. Maua ya mtufaha yameanza kufunguka upande wa kusini, meupe yenye wekundu kidogo pembeni. Nyuki wameletwa. Usiku wa juzi kulitangazwa hatari ya jalidi tukawasha moto shambani, lakini haikuanguka. Jana upepo wa kaskazini, leo upepo wa magharibi, nadhani kesho utageuka tena. Narita amenunua mashine mpya ya kunyunyizia dawa. Mlima bado una theluji kileleni.

Kozue hajambo. Anakunywa. Analia jioni nyumba ikitulia, lakini watoto wote hulia jioni. Ni mtoto mpole, hashtuki ovyo. Kifuniko cha sufuria kubwa kilinianguka jikoni hatua mbili kutoka alipolala. Paka alipanda juu ya kabati, yeye akaendelea kulala. Mtoto wa namna hiyo ni raha kumlea.

Maua ya upande wa kaskazini yatafunguka wiki ijayo. Usiwe na wasiwasi wowote.

Mama


Koenji, Tokyo
7 Mei 1986

Mama Mkwe mheshimiwa,

Ni mara yangu ya kwanza kukuandikia, naomba unisamehe mwandiko. Huku kuna jua na joto kidogo. Natumaini maua yako yamefunguka vyema.

Barua yako ya tarehe mbili ilifika jana. Chigusa aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Amejaza ukurasa mzima kwa upepo. Mama anaogopa." Akaisoma tena pale penye kifuniko cha sufuria, akakaa sakafuni. Nikamwambia mtoto mwenye usingizi mzito ni kawaida. Akaniambia, "Wewe hukuwa ndani ya tumbo lile. Yeye alikuwemo, na mimi nilimpigia mlemle."

Anaamini mtoto ni kiziwi, na kwamba yeye ndiye aliyemtia uziwi. Tangu jana hajagusa gitaa. Asubuhi hii nimelikuta nje, limewekwa pamoja na makabati mabovu ya jirani kwenye sehemu ya takataka kubwa, na lori lilikuwa limeshafika mtaani. Nililichukua nikiwa na nguo za kulalia. Nimelificha kwa Ozeki. Gitaa lile alilinunua akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kuosha vyombo majira yote ya baridi, na sijawahi kumwona akiliacha hata kwenye mvua.

Anasema kama ni kweli, hapigi tena, si Jumamosi ya tarehe kumi na saba wala siku nyingine yoyote. Hakasiriki. Anaongea kwa upole, na ndiyo maana naogopa. Anatembea chumbani huku amejikumbatia, na mimi namfuata nyuma kama bata.

Naambatanisha kaseti ya nyimbo za studio. Alitaka kuitupa nayo. Tafadhali itunze huko kwako asikoweza kuifikia. Huna haja ya kuisikiliza, najua hupendi.

Ninakuomba, Mama, utuambie kweli. Kwa sasa kila mmoja anajiambia la kwake.

Kwa heshima,
Nagaoka Tamotsu


Itayanagi, Tsugaru
12 Mei 1986

Chigusa, na Tamotsu usome pia,

Mvua. Basi.

Kweli ni hii. Kifuniko hakikuanguka. Nilikiangusha. Nilikuwa nimeanza kumshuku tangu wewe uko hapa, nikanyamaza. Ulipoondoka tu nikapiga sufuria kwa mwiko juu ya kichwa chake, nikapiga makofi, nikamwita kwa nguvu mpaka mke wa Narita akaja na koleo akidhani kuna mwizi. Mtoto hakupepesa jicho. Nikambeba mgongoni mpaka kwa daktari wa mjini. Kijana mwenye mikono baridi. Akatikisa kengele, akaandika, akasema bado mdogo mno, huenda ndiyo, huenda siyo, mrudishe vuli. Vuli! Nikarudi nyumbani nikakuandikia upepo.

Sikuogopa hivi hata baba yako alipokuwa anakata roho. Usiku nilikuwa namshika mguu ili ajue nipo, kwa sababu niliona sauti yangu haimfikii. Na kila jioni, nyumba ikishatulia, analia. Si kulia kwa njaa. Chupa anaisukuma, mgongoni hataki, anajinyoosha kama ubao na kulia mpaka anakuwa mwekundu. Mke wa Narita akasema anataka ziwa la mama. Mimi nikawaza mtoto asiyesikia anaogopa giza zaidi ya wengine, na nikalia naye.

Kaseti ilifika jana. Mvua ilinizuia kwenda shambani. Nilimlaza Kozue chumba cha mbele, akaanza kulia mchana mchana, nikashindwa kumbembeleza, nikamwacha kidogo nikakaa chumba cha nyuma nipumue. Nikaiona kaseti. Nikasema, hebu nisikie hicho kitu ambacho mwanangu anataka kukitupa. Nikafunga mlango, nikaiweka kwenye kile chombo cha kaka yako, sauti chini kwa ajili ya majirani.

Kidogo tu, mtoto akanyamaza.

Chigusa, kimya kile sitaki kukisikia tena. Nilijua amekufa. Nilijigonga goti kwenye meza nikikimbia. Nikafungua mlango, nikamkuta macho wazi, machozi bado mashavuni, ametulia. Kichwa amekigeuza. Siyo kwangu mimi niliyesimama mbele yake. Kwenye mlango wa karatasi, huko nyuma ambako wewe ulikuwa unapiga.

Upande wa kaseti ukaisha. Akalia.

Nilisimama na kidole juu ya kitufe nikashindwa kukibonyeza. Niliogopa. Nikibonyeza na yeye aendelee kulia, basi lile la kwanza lilikuwa bahati tu na ningelazimika kukuandikia. Nilikaa hapo naye analia, mimi, mama mzima, namwogopa mtoto wa kilo tano. Kisha nikabonyeza.

Akanyamaza. Akageuka.

Nimemjaribu kwa kila upande. Nimemlaza akiangalia dirisha, anageuka. Nimemwekea redio, kwaya, matangazo ya bei ya matufaha, hataki. Huyo Ozeki akianza kupayuka, anakunja uso kama mimi. Gitaa likirudi, uso unafunguka. Hashtuki kwa kifuniko cha sufuria kwa sababu amekaa miezi tisa na nyinyi, kifuniko ni kitu gani kwake? Anachokiogopa ni nyumba yangu. Nimemleta kwenye nyumba ya kimya, nikamwondolea sauti pekee aliyokuwa anaijua, halafu nikakaa namshangaa kwa nini analia.

Anasikia, mwanangu. Anakutafuta.

Jumamosi upige. Tamotsu, mpe gitaa lake. Jumapili mpande treni mje na hilo gitaa, kwa sababu hii kaseti haitafika Jumatatu, imeshaanza kusuasua. Naicheza kuanzia asubuhi, na kitanzi cha kanda kimeshanasa mara mbili nikakitoa kwa kalamu. Nimesikiliza nyimbo zote mpaka mwisho. Maneno sikuelewa hata moja.

Ninaiandika hii haraka, mtu wa posta anangoja kibarazani akinywa chai yake. Ameniuliza kwa adabu kama kuna mashine imeharibika humu ndani. Nimemwambia hapana, ni binti yangu.

Mama yako,
Yae